Paka wa marehemu baba hanywi maji, na sasa ananikimbia

Assalaam aleikum mshauri,

Nina miaka 29, naishi na mamangu Mji wa Kale, Mombasa. Nakuandikia habari ya paka. Najua wapo watakaosoma mpaka hapa wakageuza ukurasa, lakini mimi ni wiki sita sasa silali, na nyumbani hatusemezani vizuri kwa ajili yake.

Anaitwa Bizari, kwa rangi yake. Baba alimwokota sokoni mwaka 2019 akiwa mdogo wa kutia mfukoni, akamlea mwenyewe. Walikuwa hawaachani. Baba akikaa barazani baada ya alasiri, Bizari yuko chini ya kiti. Baba akienda kutawadha, Bizari yuko mlangoni anamngoja. Mwezi wa kumi mwaka jana baba alifariki. Siku mbili kabla, hospitalini, aliniambia, "Bizari umtazame." Hakuniusia neno jingine.

Mwezi wa kwanza nilimwona anaingia kwenye beseni lake la mchanga, anachutama, anatoka, anarudi tena. Nikadhani hapati choo, nikampa mafuta kijiko kimoja. Kesho yake analia sauti ambayo sijaisikia kwa paka, anajilamba sehemu zake mpaka pamekuwa pekundu, na anatapika. Daktari wa wanyama alipomgusa tumbo alisema kibofu kimejaa na kimekuwa kigumu kama chungwa, njia ya mkojo imeziba, na lau ningengoja siku moja zaidi ningemzika. Akawekwa mpira wa mkojo siku tatu na kutiwa maji ya mshipa. Gharama ilipita shilingi 20,000. Kakangu aliye Muscat ndiye aliyetuma.

Baada ya wiki nne dalili zikarudi. Safari hii nilimkimbiza mapema na hakuwa ameziba. Daktari akasema mkojo wake ni mzito na una chembechembe kama mchanga, basi lazima anywe maji zaidi. Tukapewa dawa tukarudi.

Anywe vipi, hilo sikuambiwa. Nimemwekea bakuli jipya la plastiki karibu na chakula chake, nalijaza asubuhi na jioni, hata halitazami. Nimempa maziwa, akaharisha. Shangazi akasema nimpe dagaa wakavu wenye chumvi ili apate kiu. Amewala, maji hakunywa. Mwisho nikanunua sirinji. Kila baada ya saa tatu, mchana na usiku, hata saa tisa ya usiku naamka, namfunga ndani ya leso, namtilia mililita kumi mdomoni. Nusu inamwagika. Juzi alikohoa, maji yakamtoka puani. Sasa akisikia tu miguu yangu anaingia mvunguni, na mikono yangu yote ina makucha yake.

Nimemfungia kwenye chumba cha baba ili nione anavyokojoa na asichanganyike na paka wa nje. Mama hapendi. Ananikumbusha yule mwanamke wa hadithi ya Mtume aliyeingia motoni kwa kumfungia paka. Na cha kuniudhi zaidi, mlango ukisahauliwa wazi, huyu huyu asiyetaka bakuli lake hukimbilia msalani akatia mkono kwenye ndoo ya mama ya kutawadhia, akaulamba, au akaketi chini ya mfereji kungoja tone. Namfukuza, kwa sababu mama huyamwaga maji yote, na maji mazuri tunanunua kwa mitungi.

Kakangu amesema hatatuma tena. "Paka Mombasa wamejaa kila kichochoro. Akiziba tena, mwacheni Mungu amchukue." Mama hakumpinga. Mimi nikimlazimisha maji namtesa, nikimwacha nahisi namwua kwa mkono wangu. Na akifa, lile neno moja la baba nitakuwa nimelipoteza. Nifanyeje?

Mwenye Bizari, Mombasa

MSHAURI ANAJIBU

Waaleikum salaam mwanangu. Pole kwa msiba wa baba, na pole kwa mikono iliyochanjika.

Kabla ya yote kuna jambo lisilongoja. Ukimwona Bizari anaingia mchangani mara kwa mara na hakuna kinachotoka, au ni matone tu, analia, anajilamba pale pale, anatapika au amejikunja hataki kuguswa, hapo usijaribu maji, usijaribu supu, usingoje kupambazuke. Ni kwa daktari saa ile ile. Paka dume njia yake ya mkojo ni nyembamba mno, na ikiziba kabisa sumu ambayo figo zingeitoa hurudi kwenye damu, moyo ukavurugika. Humwua kwa siku moja, mbili au tatu. Wengi hudhani amefunga choo kama ulivyodhani wewe, kwa kuwa kuchutama kwake ni kule kule. Usijilaumu kwa mafuta yale. Wala asije mtu kumpa Panadol au dawa nyingine ya binadamu ya maumivu. Panadol ni sumu kwa paka, hata kipande.

Sasa turudi kwenye barua. Nimeisoma mara tatu. Unasema una paka asiyekunywa maji, na umebakiwa na njia mbili, kumshika kwa nguvu au kumwacha afe. Lakini wewe mwenyewe umeniandikia kwamba anakunywa. Anakunywa kwenye ndoo ya mama, na anaketi chini ya mfereji kungoja tone. Kiu anayo. Asilolitaka ni lile bakuli, na kule anakokutaka anafukuzwa.

Na mahali pale panamhusu. Mlango wa msalani ndipo alipokuwa akimngoja baba atawadhe. Siwezi kujua kilichomo ndani ya kichwa cha paka, ila nisingeshangaa kama maji ya udhu ndiyo maji aliyoyazoea tangu utoto wake, na hakuna aliyeyaona ila marehemu.

Tazama basi bakuli lenyewe. Paka wengi hawapendi maji yaliyo ubavuni mwa chakula, wala karibu na mchanga wao. Plastiki hushika harufu. Chombo chembamba hugusa masharubu yao, na wapo wasioipenda hali hiyo. Hukuniambia linatiwa maji gani. Kama ni ya kisima, na visima vya Mji wa Kale tunavijua ladha yake, mwonjeshe yale ya mtungi kabla hujasema hataki maji. Hayatakufilisi, ni kikombe kimoja kwa siku. Tafuta bakuli pana la udongo au la kigae, au sufuria pana, lijae mpaka karibu na ukingo, liwe mbali na sahani yake. Weka jingine pembe nyingine ya nyumba, jingine pale anapopenda kulala. Yabadilishwe kila siku, na vyombo vioshwe. Kwa joto hili la kaskazi maji yaliyolala yanachacha upesi.

Kuhusu ndoo ya mama, natamka kwa adabu, kwa kuwa huenda yeye anakijua kisa hiki kuliko mimi. Abu Qatada, sahaba wa Mtume, alikuwa amewekewa maji ya udhu na Kabsha, mke wa mwanawe. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akatosheka. Kabsha akawa anamtazama kwa mshangao, naye akamwambia kwamba Mtume alisema paka si najisi, ni katika wale wanaowazungukieni. Sikupi fatwa mwanangu. Muulize mama mwenyewe, kwa upole, wakati ametulia. Pengine kinachomkera ni kumwaga maji ya kununua, basi Bizari akipata ndoo yake pale pale msalani, ugomvi huo hauna pa kusimama.

Nije kwenye sirinji. Najua unaamka saa tisa kwa mapenzi. Lakini hebu tuhesabu pamoja. Mara nane kwa siku, mililita kumi kila mara, nusu inamwagika: anapata kama 40. Paka anahitaji takriban mililita 50 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku nzima, na hesabu hiyo ni pamoja na maji yaliyomo ndani ya chakula. Kama Bizari ana kilo tano, ni kama 250, kikombe kimoja cha chai. Kwa hiyo vita vyote vile, usingizi wote ule, vinampa chini ya robo. Na yale yaliyomtoka puani yalinitisha. Maji yakitiwa kwa nguvu huweza kuingia mapafuni, na hapo utakuwa umeongeza ugonjwa mwingine. Isipokuwa daktari wako amekuagiza hivyo na kukuonyesha namna ya kumtilia, mimi ningependa uipumzishe.

Maji mengi ya paka huja na chakula. Paka wetu hawa asili yao ni paka mwitu wa nchi kame, Afrika na Mashariki ya Kati, waliopata maji yao ndani ya panya na ndege waliowala. Panya karibu asilimia 70 yake ni maji. Ndiyo maana kiu ya paka ni ndogo na mkojo wake ni mzito kwa maumbile. Sasa huyu wa leo anapewa biskuti kavu za paka, ambazo katika gramu 100 maji ni kama gramu 10 tu, huku kiu yake ikibaki ile ile ya babu zake. Chakula laini cha pakiti ni kama asilimia 80 maji. Pakiti moja ya gramu 85 ina karibu mililita 70. Pakiti moja, bila leso wala makucha, inaishinda sirinji ya siku nzima.

Nasikia utaniambia bei. Ni kweli, kumlisha pakiti tupu kutwa ni mzigo, na sitaki uanze jambo utakaloliacha mwezi wa pili. Kuna njia ya katikati. Pakiti moja kwa siku uichanganye na vijiko viwili vya maji ya uvuguvugu mpaka iwe kama uji. Biskuti nazo uziloweke. Anza na kijiko kimoja cha maji tu, uongeze kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, maana paka ukimbadilishia chakula ghafla hususa, na paka asiyekula siku mbili tatu huweza kupata ugonjwa wa ini. Akigoma kula kabisa, rudi ulikotoka, kisha uanze tena polepole. Chakula kilicholowa hakilali sahanini kwa joto la Mombasa. Kama hajamaliza kwa saa moja hivi, kitupe. Na sisimizi watakuja. Weka sahani yake ndani ya sahani kubwa yenye maji, hawataweza kuvuka.

Supu nayo inasaidia sana. Chemsha kichwa cha samaki changu au mifupa ya kuku kwa maji matupu. Hakuna chumvi, hakuna kitunguu maji, hakuna kitunguu saumu, kwani vitunguu vyote huharibu chembe za damu za paka. Chuja, ipoe, mpe kwenye kisahani kando ya maji yake ya kawaida. Iwe kiburudisho tu. Samaki mtupu kila siku hatoshelezi mahitaji yake.

Shangazi yako alikusudia wema kwa dagaa wa chumvi, na wazo lenyewe halikutoka hewani. Vipo vyakula vya tiba vilivyotiwa chumvi kwa kipimo ili paka anywe. Lakini kile kina kipimo, na dagaa hawana, na mifupa yao ina madini mengi. Kwa figo zilizokwisha pata mtikisiko, mimi ningewaacha. Maziwa umeshayaona: kuharisha ni kupoteza maji.

Ukitaka kujua kama unafika mahali, usimtazame yeye, pima. Tia maji kwa kikombe cha vipimo jioni, yapime asubuhi. Weka na bakuli jingine juu ya kabati asikofika, ujue joto limekula kiasi gani. Hesabu sehemu zilizolowa mchangani kila siku. Na ukirudi kwa daktari, muulize mambo mawili ambayo barua yako haiyataji: zile chembe ni za aina gani, na mkojo una uzito gani kwa kipimo kinachoulinganisha na maji matupu. Chembe za struvaiti chakula maalumu huweza kuziyeyusha, za oksaleti haziyeyuki, kwa hiyo chakula utakachonunua kinategemea jibu hilo. Uzito wa mkojo hupimwa kwa tone moja tu, na madaktari wengi hupenda ushuke karibu na 1.030 au chini yake. Namba hiyo itakwambia kama supu yako inafanya kazi kuliko macho yangu na yako.

Kuna jambo ambalo huenda hukulifikiria. Baba aliondoka mwezi wa kumi. Nyumba ikajaa watu, matanga, khitma, viatu mlangoni, sauti ngeni, na kiti cha barazani kitupu. Mwezi wa kwanza paka akaugua. Siwezi kukwambia moja limezaa jingine. Ila inajulikana kwamba katika paka wenye umri wa kati kama Bizari, maradhi ya kibofu mara nyingi hayana kijidudu wala jiwe la kulaumu, na wasiwasi huyachochea: kuhama, mgeni ndani ya nyumba, paka mwingine dirishani, mtu kutoweka. Halafu huyo huyo mwenye kibofu kinachouma akafungiwa, na mtu pekee aliyebaki naye akawa wa kuogopwa.

Usinielewe vibaya. Yule mwanamke wa hadithi hakumpa paka wake chakula wala maji, wala hakumwacha ajitafutie. Wewe unaamka saa tisa ya usiku kumpa maji. Wewe na yeye hamfanani hata kidogo. Na kumfungia kuna faida yake, unaona mkojo. Lakini kuna gharama, na umeiona mvunguni. Huenda ikawezekana afunguliwe nyumba nzima huku mlango wa nje ukifungwa, na awe na beseni mbili za mchanga mahali tofauti badala ya moja. Utapoteza kidogo katika kuhesabu, pengine utapata katika utulivu wake. Akitoka nje kabisa hutajua amekojoa wapi, na hilo kwa miezi hii ni hatari. Pima mwenyewe, wewe ndiye unayemwona.

Kuhusu kakako, sidhani ana moyo mgumu. Amezika baba akiwa mbali, na kila simu ya nyumbani ni ya fedha. Zungumza naye sasa, kabla ya usiku wa kuziba, kwa sababu usiku ule hakuna atakayesema la maana. Mwambie ukweli kwamba ugonjwa huu hurudi, na usimwahidi kwamba supu itauzuia. Mwambie pia kuna njia tatu tu siku hiyo. Kurudishwa mpira wa mkojo. Upasuaji wa kupanua njia, ambao hupunguza sana kuziba lakini haumalizi maradhi ya kibofu, nao una gharama na matatizo yake. Au kumlaza kwa sindano asiumie, na kwa hili mama atataka kumsikia shekhe wake. "Mwacheni Mungu amchukue" inasikika kama njia ya nne yenye upole, lakini paka aliyeziba hafi kwa upole, wewe ulisikia sauti yake. Ni ipi kati ya tatu, hilo ni lenu watatu na mfuko wenu, na hakuna mtu wa nje mwenye haki ya kuwahukumu. Kama unaweza kuweka shilingi mia mbili tatu kila wiki kwenye simu kwa jina la Bizari tu, mazungumzo na kakako yatakuwa mepesi, hata kama hazitatosha.

Na lile neno la baba. Alisema "umtazame". Hakusema asife. Paka wa mwaka 2019 siku moja atakufa hata akinywa bahari nzima, na wewe utakuwa umetimiza ulichoambiwa. Nahisi kwa miezi hii umekuwa ukimshika kwa nguvu kwa sababu baba hukuweza kumshika, na sikulaumu kwa hilo. Huzuni hiyo inastahili kusikilizwa na mama, ambaye naye amebakiwa na kiti kitupu. Sijaona katika barua yako kama mmewahi kukaa mkamlilia pamoja, bila paka katikati.

Leo jioni, kabla ya mama kutawadha, teka maji mara mbili. Ndoo ya mama mahali pake, na kando yake beseni pana la Bizari, maji ya mtungi, yamejaa. Acha milango ya ndani wazi. Sirinji iweke kabatini. Wewe kaa kwenye kizingiti pale pale alipokuwa akimngoja baba, usimwite, usimtazame machoni. Anaweza asije leo. Kesho upime maji yamepungua kiasi gani, kisha uniandikie.